Jina la Mzee Walker

Umbilo, Durban
10 Juni 2012

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na Inès anayekusomea barua hii naye apokee zake. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Baridi imeanza huku, lakini saluni haikosi vichwa vya kunyoa. Sikupiga simu kwa kuwa mambo haya yanataka kusomwa taratibu. Rafiki yangu Fabien anakuja nyumbani, amekubali kukuletea barua hii mkononi.

Mama, sikuwahi kukueleza kwa nini baba yake Rochelle alichelewa kunipa binti yake. Siku niliyokwenda kuposa, mzee Walker aliniuliza jina la baba. Nikasema Nduwimana. Langu? Nzeyimana. La dada yangu? Ninahazwe. Akanitazama sana, akasema nyumba moja yenye majina matatu inaficha kitu, labda nina mke huko nilikotoka. Nikamweleza kwamba kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, kufuatana na alichokuwa nacho moyoni aliyempa jina, siku ile ya kuzaliwa. Hakuniamini. Nilirudi bila jibu.

Basi mikono yake ikaanza kutetemeka, Rochelle akaniomba niwe nakwenda kumnyoa ndevu. Tulikuwa hatuzungumzi sana. Siku moja, povu likiwa bado usoni mwake, nikamuuliza kama wazee wake walikuwa wasafiri kama mimi, maana kwa Kiingereza walker ni mtu anayetembea. Akacheka, akasema kila mtu hudhani hivyo. Kumbe zamani kule Uingereza walker alikuwa fundi wa nguo. Alikanyaga kitambaa cha sufu ndani ya maji, kwa miguu mitupu, mpaka kikashikamana na kuwa kizito. Kazi ikageuka jina, na wana wakalirithi, hata wale ambao maisha yao yote hawakukanyaga kitambaa.

Kisha akaniambia jambo ambalo Rochelle mwenyewe hakulijua. Walker wa kwanza wa ukoo wao kufika huku alizaa na mwanamke wa Kizulu. Aliwapa watoto jina lake, akapanda meli kurudi kwao, asionekane tena.

“Jina lake tunalo sote,” mzee akasema. “La yule mama hakuna anayelijua.”

Machozi yalikuwa yanamtoka. Niliweka wembe chini nikamfuta uso. Akaniomba nimtajie tena majina yetu, na lako pia, Mama. Akayatamka moja moja, vibaya lakini kwa heshima. Baada ya hapo hakutuzuia tena, na ndipo nilipokupigia simu kuomba baraka zako.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Mwaka jana mimba ya Rochelle ilipoharibika, nilikusikia ukilia kwenye simu. Ndiyo maana safari hii tulinyamaza mpaka mtoto azaliwe. Jumanne amejifungua salama. Ni msichana, Mama. Ana paji lako la uso, na analia kwa sauti ya mwanamume mzima.

Mzee hana mtoto wa kiume, jina lao linaishia kwake. Mimi na Rochelle tulikuwa tumekubaliana kwamba mtoto aitwe Walker. Nilipomwambia pale hospitalini, nikitegemea afurahi, alimpakata mjukuu wake. Kisha akasema, “Walker liwekeni mwishoni, nitashukuru. Lakini huyu ana bibi aliye hai, na tunajua anavyoitwa. Mwandikie. Yeye ndiye ampe jina la kwanza.”

Baba angekuwepo, kazi hii ingekuwa yake. Sasa ni yako. Usiharakishe, lizungumzie na Inès, kisha Fabien atanipigia simu akiwa hapo kwako, nilisikie kwa sauti yako mwenyewe. Mpaka siku hiyo tunamwita Mtoto tu, naye haonekani kukasirika.

Rochelle anakusalimu. Mzee Walker anakusalimu pia, na ameniomba niandike neno “dada”.

Wako akupendaye,
Zénon Nzeyimana