Sikio la Mzee Zahoro

Jumatatu, 10 Julai 1972

Leo Bwana Marcelino wa Upanga kaleta gari lake jekundu. Mgoa yule wa viatu vyeupe. Anataka likimbie kuliko yote kwenye mashindano ya Chalinze mwezi ujao. Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni, spana mkononi — akanipita kama nguzo! Moja kwa moja kwa Mzee Zahoro. Wateja wote ndivyo walivyo. Zahoro ana sikio, Zahoro ana sikio. Ndiyo, analo. Anainamia injini kidogo tu, anakwambia silinda ya ngapi inaumwa.

Mzee kasema dawa ni ekzosi. Tutoe sailensa inayopunguza mlio, tuweke bomba moja pana lililonyooka, moshi utoke bila kizuizi. Injini ikipumua vizuri inapata nguvu. Lakini itavuta hewa nyingi, kwa hiyo kabureta lazima iongezewe petroli. Bila hivyo moto unazidi ndani, pistoni zinaungua. Kanieleza mara tatu, mbele ya mteja, kama vile nimeshuka kwenye basi la Rombo jana. Miaka sita niko kwenye karakana hii ya Gerezani!

Jumatano, 12 Julai

Sailensa tumekata. Bomba nimechomelea mimi. Tukawasha — lo! Mabati ya karakana yalitetemeka. Evarista, katibu wetu wa ushirika, katoka ofisini kaziba masikio, anauliza kama tunatengeneza gari au mzinga. Bwana Marcelino anacheka, anapiga resi.

Mzee kachuchumaa nyuma, sikio futi moja na mdomo wa bomba. Saa nzima. Anasema ndivyo anavyoisoma injini.

Mimi nilijitia pamba masikioni. Ilikuwepo nyingi kwenye boksi la dawa. Hakuniomba. Sikumpa.

Jumanne, 18 Julai

Siku ya sita ya makelele. Kila asubuhi mzee anachuchumaa palepale. Tunapunguza bomba inchi mbili, anasikiliza. Inchi nyingine, anasikiliza.

Leo binti yake Sitara kaleta chakula. Kamwita kutoka mlangoni: Baba! Baba! Mzee kimya. Hadi alipomgusa bega. Sitara akanitazama haraka kuona kama nimeona.

Nimeona.

Jumamosi, 22 Julai

Nimemjaribu. Alikuwa ameinama anakaza boliti. Nikasimama nyuma yake, hatua tatu, nikasema kwa sauti ya kawaida: Mzee Zahoro, wewe ni mbuzi. Hakugeuka. Nikaongeza: mbuzi mzee, hata kwa supu hafai. Wenzangu wakaanza kucheka chinichini. Nikasema mengine ambayo sitayaandika. Wakaangua kicheko hadi mmoja akakaa chini.

Mzee akageuka, akaona watu wote wanacheka. Naye akacheka. Alicheka pamoja nasi, meno yote nje, akifuta mikono kwa tambara, akitazama uso mmoja hadi mwingine.

Nilitegemea nitafurahi zaidi ya hivyo. Lakini nilifurahi.

Jumatatu, 31 Julai

Evarista kabandika tangazo. Mkutano wa wanachama tarehe 15 Agosti, uchaguzi wa fundi mkuu. Kaniambia pembeni kwamba hakuna wa kushindana na Zahoro, watu wanapoteza muda tu. Nikamwuliza, na kama hasikii? Akashtuka. Akasema hayo ni maneno makubwa, Tarsis, usimharibie mtu jina. Una ushahidi?

Sina. Wenzangu wanaamini siku ile alisikia, maana alicheka nasi. Mzee ni mjanja. Anakutazama mdomo unaposema. Akishindwa anasema “Alhamdulillahi” na kuondoka. Ukimwuliza jambo ghafla anajipa kazi ya kutafuta spana.

Ushahidi utapatikana. Gari lenyewe litasema.

Alhamisi, 10 Agosti

Gari limekwisha. Leo tumelizungusha Msimbazi hadi Jangwani na kurudi, mimi nikiendesha, mzee pembeni. Nguvu kweli lina! Ukikanyaga linakusukuma mgongo kwenye kiti. Wachukuzi wa Kariakoo waliacha mikokoteni kutushangaa.

Lakini kila nikizidisha mwendo nilisikia chini ya makelele: ti-ti-ti-ti. Kama mtu anagonga chupa kwa msumari. Petroli inayoingia kwenye injini haitoshi. Yeyote mwenye masikio angesikia. Mzee katazama mbele tu, anaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Tuliporudi nikafungua plagi za kuwashia injini. Nyeupe kama chaki. Hiyo ndiyo alama, yeye mwenyewe alinifundisha: kahawia ni uzima, nyeupe ni moto. Alikuwa upande wa pili ananawa. Kauliza, rangi gani?

Nikainua uso ili auone mdomo wangu vizuri. Nikasema: “Kahawia, Mzee.”

Nikazifuta, nikazirudisha.

Jumamosi, 12 Agosti

Kesho ni jaribio la mwisho. Barabara ya Pugu, mwendo wote, Bwana Marcelino mwenyewe usukani. Mzee atapanda naye. Ni desturi yake: gari aliloliandaa hulipanda mwenyewe. Anasema fundi anayeogopa kazi yake ni mwongo.

Nimelifikiria. Pistoni itatoboka, gari litasimama, moshi kidogo. Bwana Marcelino atamtukana. Jumanne wanachama watajua. Basi. Hakuna zaidi. Mtu hafi kwa pistoni.

Jioni mzee alinishika mkono. Si kawaida yake. Akanileta karibu, akanitazama usoni.

“Tarsis, mwanangu. Injini umeisikiliza?”

“Nimeisikiliza, Mzee.”

“Imetulia?”

“Imetulia.”

“Haigongi?”

“Haigongi hata kidogo.”

Akashusha pumzi. Akasema Mungu akuweke. Akafunga boneti ya gari kwa mikono miwili, polepole.

Nilikuwa na usiku mzima wa kwenda kwake. Nyumba yake naijua. Nimelala vizuri.

(Haya ya mwisho naandika Jumapili asubuhi. Sikulala vizuri.)

Jumapili, 13 Agosti

Wameondoka saa mbili. Bwana Marcelino kavaa miwani ya jua. Mzee kavaa kanzu safi, kofia ya mkono, kama anakwenda harusini. Kanipungia. Mlio wao niliusikia hadi walipovuka reli.

Walisema saa nne watakuwa wamerudi.

Sasa saa saba. Niko stoo na daftari hili juu ya magoti. Karakana imefungwa, wenzangu wapo makwao. Mimi nimebaki. Kwa nini nimebaki?

Saa tano alipita dereva wa lori la mchanga, kasimama kuomba maji ya rejeta. Katokea Pugu. Kasema Ukonga, penye kona, kakuta watu wamejaa barabarani. Hakushuka. Nilimwuliza gari rangi gani. Akasema hakuona gari, aliona watu tu.

Injini ikikwama ghafla kwenye mwendo mkali, magurudumu ya nyuma yanakwama nayo, gari linaserereka. Hilo nalijua. Jana pia nililijua.

Sitara kaja saa sita na chakula cha baba yake. Kakaa nje juu ya tairi, sufuria miguuni. Nikamwambia hawajarudi, labda wamepitia Upanga kwa Bwana Marcelino. Halafu akasema:

“Kaka Tarsis, nikwambie jambo? Usimwambie mtu.”

Nikamwambia aseme.

“Baba hasikii. Ni wiki tatu sasa, hasikii kabisa. Nyumbani namwandikia kwa chaki. Nilimlilia asipande leo. Nikamwandikia, utajuaje kama gari ni zima? Akasema Tarsis anajua hali yake. Eti hamjawahi kulizungumzia, lakini ulijua zamani, na kila siku unainua uso ili akuone mdomo. Kasema hakuna mwingine pale anayemfanyia hivyo.”

Nimeingia humu stoo, nimemwambia natafuta ufunguo.

Pale njia panda kuna polisi, wana simu. Dakika tano kwa miguu. Nikienda wataniuliza kwa nini nina wasiwasi.

Sitara ananiita. Anasema njoo, kaka, kuna mlio kwa mbali, sikiliza, ni lao?

Nimetoka mlangoni, nimesikiliza. Kuna redio ya jirani. Kuna kunguru. Hakuna gari.

Ananitazama mdomo.

Nimemwambia ndiyo, ndio wao, wanakuja. Kainuka, anafunua sufuria apakue —