Magunzi mbele ya feni

Jumamosi usiku.

Nilijisifu mapema mno. Kijumba changu cha boksi, mfano wa jiko letu jipya, kilisimama imara ndani ya handaki la mbao nililounda kupimia upepo, feni ikikipuliza taratibu, nami nikamtangazia mke wangu kwamba paa la jiko jipya halitang'oka kama lile la zamani.

Lakini upepo wa hapa Kasokola unasukuma, unaacha, unageuka. Leo nikapanga magunzi ya mahindi mbele ya feni ili yauvuruge. Paa likaruka, likatua kwenye mboga.

"Mwalimu, ndo nipikie chini ya hilo?" Mke wangu akacheka hadi akakaa chini.

Nimefunga kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwa waya, nikajaribu tena. Paa limetikisika, likabaki. Amekubali tujenge hivyo, ila siku ya dhoruba ya kwanza nipike mimi humo. Nimekubali, ingawa sijui kupika.