Mama Mkwe Hanywi Maji kwa Kuuhurumia Mgongo Wangu

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na uniwie radhi mwandiko ukipinda, naandika nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya friji, maana nikikaa tu maumivu yanaanza kiunoni, yanapita kwenye tako, yanashuka mguu wa kushoto mpaka kidole gumba kama waya wa moto.

Mimi ni mwalimu wa chekechea, viti vyetu ni vile vifupi vya watoto na kutwa nimeinama, huyu kamba za viatu, yule kamasi, lakini mgongo wangu uliumia nyumbani, kwa kumnyanyua mama mkwe. Mwenyewe aliteleza bafuni, akapigwa picha, wakasema mifupa yake imepungua nguvu kwa uzee na pingili moja ya mgongo imebonyea, na tangu hapo amejikunja, hajiamini kusimama. Mume wangu ni dereva wa lori, yuko njiani kuliko nyumbani, kwa hiyo kumtoa kitandani, kumpeleka chooni, kumrudisha, yote mimi, na sinung'uniki, mama huyu alinipokea kama aliyenizaa.

Siku moja namwinua chooni nikasikia kitu kimekatika kiunoni. Daktari akanieleza kwamba kati ya pingili na pingili kuna kitu laini kama kimto, changu kimechomoza na kinabana mshipa wa fahamu, akasema, "Mama, kunyanyua mtu sahau kwanza." Nikaitikia vizuri, nikarudi nyumbani nikamnyanyua, kwani ningemwambia nini? Ataona nimemchoka. Wifi yangu anakaa mtaa wa pili, nilipompigia kabla sijamaliza salamu akaniwahi, "Wifi, hata mimi huu mgongo, we acha tu."

Sasa linaloninyima raha ni hili. Glasi ya maji ninayomwachia asubuhi naikuta imejaa vilevile. Chai anaonja tu. Nikamuuliza, "Mama, mbona hunywi?" Akasema, "Sina kiu, mwanangu," na midomo imemkauka mpaka inapasuka. Anajizuia asiende chooni ili nisimnyanyue, kumbe aliniona nikishika ukuta. Nami nililijua hilo, mshauri, nikanyamaza, kwa sababu mgongo wangu ulipata nafuu. Nimekuwa mtu gani mimi? Nimwambie, au nijikaze?

Mwalimu wa Chekechea

JIBU

Mwalimu, pole. Umekuwa mtu anayeumwa, basi. Lakini hapo kwenye kunyamaza sikuungi mkono hata kidogo. Mzee akikosa maji hachukui muda kuanguka kabisa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na nyinyi mnafichana wawili, kila mmoja kwa kumpenda mwenzake.

Ndiyo maana barua yako sikuisubirisha zamu yake. Nilikupigia kwa namba uliyoandika kwenye bahasha, nikakuambia uweke simu chini uende ukamwambie. Ukaenda. Uliporudi ukaniambia alichosema: "Nilijua unaumwa. Nilikuwa nangoja uniamini." Kisha akaomba maji.

Sasa nisikilize. Kumnyanyua, basi. Tafuta kiti cha kujisaidia, chenye tundu na ndoo chini yake, ukiweke karibu na kitanda. Mumeo asikie habari hii kutoka kwako, si kwa majirani, na apange zamu na dada yake. Wifi kama mgongo wake mbovu kweli, aende akapimwe. Kama si mbovu, aje Jumamosi afue mashuka. Shuleni omba kiti cha mtu mzima, na kwa mtoto chuchumaa, usipinde kiuno. Usilale siku nzima ukidhani unajitibu; tembea kidogo kidogo, wengi wenye tatizo lako hupata nafuu bila kisu. Ila mguu ukilegea, ukisikia ganzi mapajani kwa ndani na sehemu za siri, au mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, usiniandikie mimi. Hospitali, saa hiyohiyo.

Na kuna swali ambalo hapo nyumbani hakuna aliyeliuliza: mama mwenyewe anaweza nini? Siku ile ya simu nilikutuma umwite mtaalamu wa mazoezi ya viungo, awaone wote wawili. Jana nilipokuomba ruhusa ya kuichapa barua hii ukanisimulia. Mtaalamu alimwambia mama ageuke ubavu bila kujipinda, ashushe miguu, ajisukume kwa mikono. Ukaruka kwenda kumshika. Mama akakuzuia.

"Niache, mwanangu. Wewe nitazame tu."

Akasimama, miguu inatetemeka, ameshika meza.

Basi mtii mkweo. Kesho akiinuka tena, kaa karibu, mikono uiweke nyuma, umtazame.