Rangi Nyeupe Juu ya Kuvu

Jumamosi. Joto la kunata tangu asubuhi, mawingu yamejaa na mvua inakataa kunyesha. Nimekasirika, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Kwa wasionijua: mimi ni muuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee hapa DeSoto, karibu na Dallas, Texas. Agosti iliyopita mume wangu, Musyoka, alipata kazi kwenye ghala huko Houston. Alitangulia na binti yetu Imani, wa miaka tisa, ili aanze shule pamoja na wenzake. Mimi nikabaki kuuza nyumba. Tulisema mwezi mmoja tu.

Sasa ni Mei.

Nyumba yenyewe ni trela, zile nyumba zinazoletwa na lori na kusimamishwa juu ya matofali. Tumeishi humu miaka sita na sijawahi kuionea aibu. Lakini kwenye chumba cha Imani, nyuma ya kabati, kuna kuvu. Ilianza kama vumbi la kijivu, ikawa nyeusi, ikapanda ukuta hadi kiunoni mwangu. Nimeisugua kwa klorini hadi macho yakaniuma. Nimejaribu siki. Nimewasha feni mchana kutwa. Inapotea siku nne au tano, halafu inarudi pale pale, na ile harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye ndoo.

Mnunuzi wa kwanza, Mkenya mwenzetu anayeishi mji wa Richardson, alifika mlangoni mwa chumba hicho, akavuta pumzi mara moja, akasema, "Sawa dada, tutaongea." Hatujaongea tena.

Jumapili iliyopita Musyoka alikuja na kopo la rangi nzito, ile ya kufunika madoa. Nilimwambia tungoje, tutafute maji yanatoka wapi kwanza. Akanijibu bila hata kuniangalia, "Tumengoja miezi tisa. Wewe ndiye unayeulizwa na mtoto kila jioni mama atakuja lini, ama ni mimi?" Ni yeye. Kwa hiyo akasogeza kabati, akapaka.

Na mimi nilimshikia taa.

Leo saa nne akaja Mama Zawadi. Ni Mkongomani, wanaishi Gulfton kule Houston, kwenye apartment moja watu saba. Mume wake ameitwa kazi ya kiwanda upande huu, kwa hiyo ameendesha gari kwa karibu masaa manne kuja kuona. Alikuwa na binti yake Zawadi, wa miaka sita hivi, aliyevaa gauni la kanisani.

Kila kitu alikipenda. Jikoni alifungua kabati zote akicheka peke yake. Alisimama kwenye ngazi za nyuma akapima kwa hatua mahali atakapopanda lengalenga, mchicha wa kwao. Kwa mawazo nilikuwa nimeshaanza kupakia vyombo. Nilishajiona nimelala Houston.

Kisha tukaingia chumba cha Imani. Ukuta mweupe, unang'aa. Zawadi akakimbia, akaketi sakafuni, akaegemeza mgongo pale pale, akatangaza, "This one is mine!"

Mama yake akacheka. Halafu akatoa kwenye mkoba kipulizio cha pumu, kile cha buluu, akampa avute mara mbili, kama mtu anayempa mtoto maji. Akanigeukia. "Kule Gulfton ukuta unalowana, dada. Mutoto anakohoa sana. Daktari alisema tutafute nafasi yenye kuwa kavu. Hapa ni kavu, eh?"

Kazini mimi ndiye ninayeshika wazee mgongo wanapokosa pumzi. Najua kifua cha namna ile kinavyolia.

Ningependa kuandika kwamba nilijibu mara moja. Lakini nilimfikiria Imani kwanza, nikahesabu wikendi ngapi zimepita bila yeye. Ndipo nikasema, "Mama Zawadi, mwondoe mtoto hapo. Kuna kuvu nyuma ya hiyo rangi. Tumeipaka wiki iliyopita."

Alimvuta mtoto kwa mkono mmoja. Hakupaza sauti, afadhali angepaza.

"Wiki iliyopita," akasema. "Mulijua nakuja?"

"Tulijua."

"Bon. Sawa." Akachukua mkoba wake. Hakuniaga. Zawadi ndiye aliyenipungia mkono kupitia dirisha la gari.

Nilimpigia Musyoka. Nilitarajia kelele. Alisema tu, "Haya. Basi kaa na nyumba yako," akakata.

Nilichukua nyundo. Sijui niseme nini kingine, nilichukua nyundo na kuupiga ule ukuta mweupe. Bodi ilikuwa laini kama mkate uliolowa chai. Nilipoibandua nikaona kilichotusumbua mwaka mzima: paipu ya maji ya AC imeachana kwenye maungio, na maji yanadondoka ndani ya ukuta, tone baada ya tone. Sufi yote ya kuzuia joto na baridi imeoza. Sakafu pia, nilipoibonyeza kwa kisigino ilibonyea.

Mwaka mzima nasugua upande usiofaa.

Nilizima AC. Nikavaa barakoa ya kazini, nikapiga picha kila kitu, nikabadilisha tangazo: trela inauzwa, ukuta wa chumba kimoja umeoza, picha hizi hapa, itaonyeshwa baada ya matengenezo. Nilimtumia Musyoka picha ya ile paipu bila neno lolote. Baada ya saa nzima akajibu: "Usiguse hiyo kuvu tena peke yako. Nakuja Ijumaa na bodi mpya." Hakuomba msamaha. Mimi pia sijaomba. Kwa Mama Zawadi nimeandika ujumbe mara tatu na kuufuta. Wa nne nimeutuma, maneno mawili tu, samahani sana. Ameusoma. Hajajibu, na sina haki ya kudai jibu.

Jioni Imani alipiga. "Mum, ni this weekend ama next?"

Nimezoea kumwambia "karibu tu, mummy." Leo nimemwambia sijui. Akaniuliza kama ukuta wake, ule aliouona kwenye simu ya baba, umeumia sana.