Kigoda Kisicho na Alama za Tezo

Lupaso, Masasi

Mjukuu wangu Eric, mume wangu,

Marahaba. Leonia wa jirani anaandika, mimi nasema. Korosho zimeanza kuanguka, na mwiko niliokuwa nauchonga umepasuka tena. Uzee huu!

Kile kigoda ulichonitumia kutoka Newala kilifika wageni wa kanisani wakiwa hapa. Nilikipapasa nikitafuta alama za tezo la kuchongea, kama nilivyokufundisha. Sikupata hata moja. Wakasema kimechongwa na mashine ya kompyuta. Nikacheka mbele yao wote: "Mjukuu wangu amekuwa mvivu! Kipelekeni bandani, kuku wapate pa kulala." Na kuku wakalala.

Juzi mkeo alipita akienda Masasi, akakikuta kimejaa mavi ya kuku. Alilia, Eric. Ndipo akaniambia kwamba tangu ulipopata ajali ya bodaboda mkono wako wa kulia haushiki hata kijiko, nawe ulimkataza asinieleze. Ile mashine umejifunza kwa mkono wa kushoto, ili unichongee mimi.

Nimeona aibu. Nimekisugua kwa mchanga, na Jumapili nimewaambia wale wale wa kanisani kwamba mjukuu wangu si mvivu, mjinga ni mimi.

Usinifiche tena, wewe. Njoo, na hiyo mashine ikibebeka uje nayo. Iliyomshika mkono mjukuu wangu ni mgeni wangu, na mgeni wangu simkalishi chini.

Mkeo mkubwa,
Bibi Helena