Kwa Mdogo Wangu Aliyeacha Selo

Mdogo wangu Pascal,

Sina anwani yako, ndiyo maana naandika barua hii mahali ambapo yeyote anaweza kuisoma. Huenda mtu aliyeketi karibu nawe kwenye treni akaisoma, akakutazama, akajua ni wewe. Nimefika hapo, kutegemea macho ya watu nisiowajua.

Unakumbuka Jumamosi ile uliponipeleka kwenye mji mdogo alikozaliwa yule mpiga selo wa kale uliyempenda? Nilikuwa nimechoka, nimetoka kazini kwa wazee ninaowatunza, lakini wewe tayari ulikuwa na skafu shingoni. Tulisimama kwenye baridi mbele ya sanamu yake, ukanisimulia maisha yake kana kwamba ni baba yetu mdogo. Alizaliwa kwa watu wa kawaida, enzi za magari ya farasi. Alianza na fidla, mpaka siku aliposikia selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito inayopigwa mtu ameketi, na fidla ndogo ikaishia hapo. Alisafiri hadi Urusi, akaoa huko. Selo yake ilikuwa kubwa na yeye mwenyewe akanenepa, akawa hawezi tena kuibana kwa magoti kama wenzake. Wanasema ndipo alipoitilia kijiti chini, kiibebe sakafuni, na leo karibu wote wanapiga hivyo.

"Unaona, Yaya?" uliniambia, kwa hilo jina la Yaya unaloniita mimi mkubwa wako. "Mwili ilimukatalia, yeye akatafuta njia. Na njia yake njo ikakuwa ya watu wote."

Ulikuwa na haki ya kumpenda. Tangu tutoke Bukavu kuja huku Uzunguni ulikuwa huongei, Pascal. Ulikuwa unaitikia kwa kichwa tu, shuleni na nyumbani, hadi mwalimu wa muziki alipokuazima selo iliyokuzidi urefu. Jioni ile ulirudi ukasema, "Maman, leo nimeshika kitu inatetemeka." Maman alikwenda kujifungia bafuni alie, kwa sababu alikuwa amesahau sauti yako.

Ukakua nayo. Katika nyumba yetu nyuma ya barabara ya Chaussée d'Ixelles hapakuwa na mlango ulioweza kuizuia. Wenzako wa konservatwari, chuo chako cha muziki, walikuambia muziki aliotunga mzee yule wa sanamu ni wa kujionyesha, vidole vinakimbia tu. Wewe ulisema, "Bon, wanasikia mbio. Lakini chini ya mbio kuko muntu anaimba." Ukanipigia kipande kimoja polepole ili nimsikie. Maman akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasikiliza mpaka sombe, yale majani ya muhogo, ikaanza kuungua. "Uyu muzungu," akasema, "analia sawa muntu ya kwetu." Ulicheka siku nzima.

Halafu ukaja mwaka wa mkono. Ulikuwa unajiandaa kwa onyesho katika kanisa moja karibu na uwanja wa Flagey, na kazi kubwa ya jioni ile ilikuwa yake. Nilikuona unasimama katikati ya mazoezi, unavitazama vidole vya kushoto. Nilidhani ni uchovu. Siku moja ukaniita.

"Ona, Yaya. Huu mukono unabeba sakoshi, unamenya viazi, haina shida. Nikiuweka juu ya nyuzi tu, vidole viwili vinajikunja."

Ukanionyesha. Vilijikunja kweli, kama vya mtoto mchanga aliyelala.

Daktari alisema mkono ni mzima. Kichwa ndicho kilichochanganya amri zake, kwa sababu ya kurudia na kurudia. Alisema upumzike, kisha ujifunze upya, na kwamba wengine hupata nafuu, wengi hawarudi walikokuwa. Tulitoka pale tukatembea hadi kituo cha Porte de Namur. Nilitaka kukukumbusha habari ya kijiti. Nilipokutazama usoni nikaishia kukurekebishia skafu.

Ulikataa kuahirisha onyesho. Parokia nzima ilikuja, akina maman na vitambaa vyao vya sikukuu, akina papa na makoti. Ulianza vizuri hata nikaomba Mungu kwa kushukuru. Ulipofika pale muziki wake unapopanda juu kabisa, mkono ukajikunja. Ukaanza tena. Mkono ukajikunja tena. Piano ikakusubiri, kisha nayo ikanyamaza. Ukasema "Pardon," kwa sauti ndogo sana, na tonton mmoja, mzee wa viti vya nyuma, akapiga makofi kwa huruma, wote wakamfuata. Walipiga makofi kwa muda mrefu. Nadhani hayo ndiyo yaliyokumaliza.

Wiki iliyofuata ulikunywa chai na Maman, ukaosha vikombe, ukasema, "Natoka kidogo." Selo uliiacha sebuleni. Polisi walituambia mtu mzima ana haki ya kuondoka bila kuaga. Nilimuuliza yule afande kama mtu mzima ana haki pia ya kufa bila sisi kujua. Alinipa maji.

Sasa nakutafuta migongoni mwa watu. Mwanamume akishuka basi na bega lako, namfuata mpaka ageuke. Joto la nyumbani limezikausha nyuzi za selo yako, mojawapo imekatika yenyewe mchana, nikaruka kitini. Sijui kuifunga, na wa kumuuliza ni wewe. Nimejaribu kusikiliza rekodi za muziki wa mzee wako. Nasikia mbio tu, Pascal. Yule anayeimba chini yake sijampata tena.

Juzi ilikuwa misa ya kuwaombea marehemu. Maman aliinuka na karatasi ya jina la kuombewa, kama wengine, akampa padri. Nilidhani ni la Papa, marehemu baba yetu. Padri akasoma la Papa, kisha akasoma lako. Nikamgeukia Maman kumuuliza sababu.

"Maman, juu ya nini?"

"Nimechoka kumungojea mutoto, mwanangu. Acha nimulilie."

Kanisa lote likaitikia, na mimi sikusimama kusema uko hai, kwa kuwa sijui. Nilimshika mkono Maman. Misa ilipokwisha nilitoka nikitazama migongo ya watu, kama kawaida.

Kwa hiyo sijui nikuage vipi. Aliye njiani huambiwa safari njema, na aliyekwisha fika huombewa apumzike. Chagua mwenyewe lililo lako, nami nitakubali.

Yaya wako