Magadi Hukuyakataza

Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri, njia ya Kasokola imekuwa uji, na mimi nilikuwa na furaha yangu tu hadi nilipoingia wodini.

Mzee Luhende amerudi.

Ni mfugaji wa Kisukuma mwenye moyo uliochoka. Hausukumi damu inavyotakiwa, kwa hiyo maji yanabaki mwilini. Juzijuzi tulimruhusu anatembea, anapiga soga. Leo nimemkuta analala amekaa, anatafuta pumzi, miguu imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki.

Nikaanza hotuba yangu. Ninayo moja tu, naweza kuitoa hata usingizini: acha chumvi, pima maji ya kunywa, meza dawa ya kukojoa kila asubuhi, panda mizani. Nikamuuliza kama mwalimu aliyemkamata mtoro, "Mzee, umerudia chumvi?"

"Dokta," akasema (huku kila mwenye koti jeupe ni dokta, na mimi nesi sijawahi kukikataa cheo hicho), "chumvi sijaionja tangu nitoke hapa. Nakula kama ndama, na bado nimevimba. Kesho naenda kwangu. Dawa zenu nawaachia."

Hakuwa anatania. Wanaoondoka hivyo huwa hatuwaoni tena. Tunasikia habari zao tu.

Nakiri, sikumwamini. Nilijisemea moyoni: wazee hawa!

Mchana mkewe, Mama Shija, akafungua hotpoti. Ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa. Akanikaribisha, na kukataa chakula si kipaji changu. Mzee akaliangalia tumbo langu wakati nanawa.

"Na hilo lako, dokta, nalo ni maji?"

Wodi nzima ikacheka. Nikamega tonge kwa heshima iliyobaki.

Chumvi kweli hamna. Lakini mboga ilikuwa laini mno, inateleza, na ulimini ikabaki ladha ninayoijua tangu utoto wangu.

"Mama, humu umetia nini?"

"Magadi tu. Majani makavu yataivaje bila magadi? Na vile mmetunyima chumvi, naongeza kidogo yapate ladha." Akanitazama bila wasiwasi. "Chumvi ulikataza, dokta. Magadi hukuyakataza."

Nikaliweka tonge chini.

Kwa moyo wa Mzee Luhende, magadi na chumvi ni ndugu wa tumbo moja. Yote yanashika maji mwilini. Na mimi nimelelewa kwa magadi, mke wangu ametia kwenye maharage Jumapili hii hii, lakini kwenye benchi la wagonjwa sijawahi kulitaja neno hilo hata mara moja.

Nilipomweleza, Mama Shija akashika kichwa. "Kumbe ni mimi namuua?"

Hapana, mama. Wewe umefuata nilichosema, neno kwa neno. Aliyepunja maneno ni mimi, na wanaonijua watashangaa kusikia nimewahi kupunja maneno.

Basi tukakaa kupanga upya. Majani yalowekwe mapema, yachemshwe taratibu mpaka yalainike yenyewe, karanga za kutwanga, nyanya, kitunguu. Nikapendekeza na limau.

"Limau kwenye nsansa?" Mama Shija akauliza. "Dokta, wewe umeoa kweli?"

Nikamgeukia Mzee. Nilimwomba asiende kesho, atupe nafasi ya kuona mwili bila magadi. Akavuta pumzi, kwa shida.

"Nitakaa. Dawa nitakunywa. Na mizani yenu nitapanda kila asubuhi. Ila wewe utangulie. Siwezi kufundishwa uzito na mtu wa tumbo hilo."

Nimekubali mbele ya mashahidi, tena wodi nzima.

Sijui kama miguu itapungua. Moyo ule umechoka kweli, na magadi si sababu pekee. Ila nataka arudi kwa ng'ombe wake, na nitapambana.

Kesho nabeba bonge la magadi kutoka jikoni kwetu, naliweka mezani pembeni ya chumvi, kila mgonjwa alione. Halafu nitawauliza wanapikaje, na nitanyamaza niwasikilize. Kwangu hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Lakini kwanza mizani. Natangulia mimi.